Mfundishe Mpaka Ghorofa ya Tatu

Siku ile daktari alipomwambia Hasib kwamba kwa mapafu yale asitarajie tena kupanda zaidi ya ngazi kumi, alikuwapo mtu mmoja tu aliyefurahi moyoni, naye ni mkewe, Rasema. Hakuonyesha. Alikaza mtandio wake chini ya kidevu, akasema, "Kila jambo na heri yake," na muuguzi akadhani ile ni subira ya mke mwema. Muuguzi hakujua kwamba Nizama anakaa ghorofa ya nne, na kwamba kufika mlangoni pake ni ngazi sitini na nne.

Wengine wote walijua. Mji wetu ni wa makaa ya mawe, kando ya mto Bosna, na watu wake wanajuana hadi rangi za mashuka. Majumba mawili ya wachimbaji yanatazamana, katikati ni ua wenye kamba za kuanikia nguo. Rasema alikaa jumba la kushoto, chini kabisa. Nizama, mshonaji, mjane wa dereva wa lori, alikaa la kulia, juu kabisa. Miaka tisa iliyopita Hasib alitoka la kushoto na sanduku moja akahamia la kulia. Hata umbali hakumpa mkewe. Kila Jumatatu Rasema akiosha vyombo aliyaona dirishani mashati aliyoyanunua yeye mwenyewe yakining'inia kwenye roshani ya mwanamke mwingine, meupe kuliko alivyowahi kuyafua yeye.

Kilichomrudisha hakikuwa mapenzi, wala hodja wa msikitini, wala ndugu. Lilikuwa vumbi. Alikuwa amechimba miaka ishirini na sita chini ya ardhi, na vumbi lile lilikuwa limemkaa kifuani likisubiri. Mwaka wa kwanza alizipanda ngazi za Nizama akipiga mluzi. Wa pili akaanza kupumzika ghorofa ya pili, akijifanya anatafuta funguo. Wa nne alikuwa akipanda ameshika ukuta, chakula kinapoa juu. Novemba moja hakufika kabisa. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, midomo imegeuka rangi ya zambarau, anahema kama mvukuto uliotoboka. Nizama akateremsha mfuko wa nguo zake, akauweka kando yake, akasema, "Hasib, mimi siwezi kukubeba," akapanda zake. Ndipo Rasema akavuka ua, akamshika kwapani, akamwingiza ndani.

Watu wakasema Rasema ni malaika. Tidža, jirani yake wa mlango wa pili, peke yake ndiye aliyesema ukweli: "Malaika gani? Mwenzetu ameokota kilicho chake."

Alikiokota, na alikitunza. Kwa miaka mitano Hasib hakufunga kifungo cha shati. Aliogeshwa, alikatiwa nyama, alipangiwa mito mitatu nyuma ya mgongo. Madirisha yalifungwa Oktoba yakafunguliwa Mei, kwa maana mtu wa kwetu haogopi risasi kama anavyoogopa promaha, ule upepo unaoingia dirishani na kutokea mlangoni. Huo ndio unaoua watu, kila mtoto anajua. Jiko la makaa liliwaka chumbani usiku na mchana. Akitaka kuinuka, Rasema alikuwa amekwisha simama. "Kaa, kaa, utachoka." Naye akakaa, mpaka mapaja yake yakawa membamba kama mikono, na safari ya chooni ikawa safari ya kuagana. Rasema alichoka mgongo, alichoka miguu, lakini kila usiku alilala akijua mumewe yuko wapi. Ni wanawake wangapi katika jumba lile waliojua hivyo?

Kisha akaja daktari mpya wa mapafu, kijana mwenye haraka, akaandika karatasi: wiki nane za mazoezi, Jumanne na Ijumaa, katika zahanati ya mji.

"Mazoezi?" Rasema akauliza. "Daktari, huyu hawezi kufika chooni."

"Ndiyo maana, mama. Mapafu yaliyoharibika hayarudi. Lakini miguu inarudi, na miguu yenye nguvu haiombi hewa nyingi."

Walikwenda kwa gari la mkwe wa Tidža. Chumba cha mazoezi kilikuwa na viti sita, baiskeli mbili zisizokwenda popote, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu iliyopanda ukutani ikaishia hapo. Waliokuja walikuwa wachimbaji wastaafu watano na mama mmoja aliyeoka mikate maisha yake yote. Wake walikaa ukutani, wameshika makoti. Mwalimu alikuwa msichana wa mji wa Zenica aitwaye Edina, nywele fupi, viatu vya michezo, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuachwa.

"Kabla ya yote," akasema Edina, akichukua kadi zake, "kila mmoja aniambie kitu kimoja anachotaka aweze kukifanya tena. Kimoja tu. Hicho ndicho tutakachokifanyia kazi."

Wa kwanza akasema anataka kuvua samaki. Mama wa mikate akasema anataka kusali wima, si juu ya kiti. Redžo, mzee aliyechimba zamu moja na Hasib, akasema anataka kucheza kolo, ngoma ya duara, kwenye harusi ya mjukuu wake, hata mzunguko mmoja, halafu wamzike. Wakacheka wote, wakakohoa wote.

"Na wewe, ami Hasib?"

Hasib aliangalia sakafu. "Nipande ghorofa ya nne," akasema.

 Redžo akatazama dari. Mke wa Redžo akamtazama Rasema, kisha akajifanya anatafuta leso. Na yule Edina, ambaye hakujua lolote, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, akasema kwa furaha, "Safi sana! Hilo ndilo lengo zuri kuliko yote leo!"

Koti la Hasib lilikuwa kwenye magoti ya Rasema. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kama anayekunja nguo za maiti.

Siku ile Hasib alitembezwa kwenye korido dakika sita, kibanio cha kupimia hewa, chenye taa nyekundu, kidoleni. Alimaliza mita mia na arobaini, akisimama mara nne. Edina alimwekea kiganja mgongoni. "Vuta kwa pua, kama unanusa pita ya nyama inayotoka jikoni. Sasa bana midomo, itoe polepole, kama unapooza kahawa. Usiisukume. Iache iende." Hasib akavuta, akatoa. Tena. Mabega yakashuka. Miaka mitano Rasema alikuwa akimwambia, "Pumua polepole, mwanamume wewe," naye hakusikia. Kwa msichana huyu alipumua kama mtoto wa kwaya.

"Anamgusa mgongo," Rasema alimwambia Tidža jioni ile wakinywa kahawa.

"Ni kazi yake, dada. Mfyatuaji haogopi tofali."

"Na ile ghorofa ya nne?"

Tidža alizungusha kikombe chake. "Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mumeo anavyo vyote viwili." Akacheka peke yake.

Wiki zikaenda. Hasib alinyanyua chupa za maji. Alikaa na kusimama, kukaa na kusimama, mara kumi, mara kumi na tano. Alifundishwa kwamba dawa yake ya kuvuta alikuwa akiivuta vibaya miaka yote, inaishia ulimini. Alifundishwa kuinama na kuegemeza mikono magotini pumzi ikimpotea, badala ya kutapatapa na kuita. Hili la mwisho ndilo lililomuuma Rasema kuliko yote, kwa sababu aliyekuwa akiitwa ni yeye.

Wiki ya nne alimkuta amesimama mbele ya kioo, anafunga vifungo vya shati.

"Ngoja nikufungie."

"Nimekwisha."

"Umeruka kimoja."

Hasib akaangalia, akakifungua, akakifunga upya, taratibu, akitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa. Rasema alisimama na mikono yake hewani, haina kazi. Kisha yule mtu akaenda dirishani, Februari hiyo, theluji juu ya paa, akalifungua.

"Una wazimu? Promaha!"

"Edina anasema moshi wa jiko unaniua kuliko upepo."

"Edina! Edina ndiye aliyekuogesha? Edina ndiye aliyekuokota ngazini umeachwa kama gunia la viazi?"

 Hasib alibaki ameegemea kizingiti, anaangalia nje. Rasema hakuhitaji kuuliza anaangalia wapi. Kutoka dirisha lile linaonekana jumba la kulia, na roshani ya juu, na maua ya plastiki ambayo Nizama huyaosha kila masika kama watu wanavyoosha maua ya kweli.

Wiki ya tano Rasema alidanganya. Jumanne asubuhi alimwambia Hasib kwamba zahanati imepiga simu, mwalimu anaumwa, hakuna mazoezi. Ijumaa akamwambia bado anaumwa, masikini. Alifunga madirisha, akachochea jiko, akamrudishia mito yake mitatu. Haikuchukua siku sita. Kikohozi kikarudi, miguu ikarudi kuwa mizito, na Jumapili usiku akamsikia akiita, "Rasema. Rasema, maji." Aliruka kutoka kitandani kama bibi harusi. Alimshika kichwa akamnywesha, na moyo wake ulijaa. Aibu nayo ilikuja, lakini ilikuja ya pili.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Edina aligonga mlango, akavua viatu, akaingia na soksi zake za mistari. Hasib alikuwa amelala. Rasema akaweka birika la shaba jikoni, kwa maana hata adui hunywa kahawa.

"Nilidhani ami Hasib anaumwa," akasema Edina.

"Na yeye anadhani unaumwa wewe."

 Edina akaangalia dirisha lililofungwa, akaangalia jiko, akaangalia mikono ya Rasema. "Shangazi, kuna kitu nimekosea?"

"Unajua nani anakaa ghorofa ya nne?"

"Hapana."

Rasema akamwambia. Hakuchukua muda mrefu. Mambo yaliyomharibia mtu maisha yanaenea katika kikombe kimoja cha kahawa. Edina alisikiliza, akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Nami nikaandika kwa herufi kubwa," akasema.

"Ukaandika."

"Sasa nifanyeje, shangazi? Nikimwacha, atakufa amekaa. Mwaka mmoja, labda miwili. Siwezi kumfundisha kupumua nusu."

"Mfundishe," akasema Rasema. "Sikukatazi. Mfundishe mpaka ghorofa ya tatu."

Edina alicheka, akaziba mdomo kwa haraka, kisha wakacheka wote wawili, Rasema kwa uchungu, mwingine kwa aibu. Kicheko kile kikamletea Rasema kikohozi kirefu kilichomwinamisha juu ya meza. Edina akamwekea kiganja mgongoni. Rasema akakitikisa kama inzi.

"Na wewe umepimwa lini kifua, shangazi? Jiko hili mnalivuta wawili."

"Mimi sina anayenipima. Nenda ukamwamshe."

Akamwamsha. Wiki tatu zilizobaki Hasib hakukosa siku, na Rasema hakwenda tena kukaa ukutani. Alisema ana kazi. Kweli alikuwa nayo: alikuwa akihesabu. Kila jioni alimwuliza mambo kama mtu asiyejali. Leo umepanda kile kidato mara ngapi? Thelathini. Leo? Arobaini na tano. Leo? Sitini, Rasema, na nilisimama mara mbili tu.

Jumamosi ya katikati ya Machi, saa tano asubuhi, Hasib alinyoa, akavaa shati jeupe, akachukua kofia yake.

"Naenda kutembea," akasema.

"Tembea."

Rasema alisimama kwenye dirisha la jikoni. Theluji ilikuwa inayeyuka, ua wote matope. Alimwona akivuka, taratibu, mikono nyuma kama mkaguzi wa barabara. Hakupinda kushoto kwenda mtoni. Aliingia mlango wa jumba la kulia.

Katika jumba lile kila mgeuko wa ngazi una dirisha. Rasema akasubiri dirisha la kwanza. Kofia ikatokea, ikasimama. Akamwona anainama, mikono kwenye kizingiti, vilevile kama alivyofundishwa. Kofia ikapotea. Dirisha la pili lilichelewa. Ikatokea. Rasema akagundua kwamba anavuta kwa pua na kutoa kwa midomo iliyobanwa, yeye, aliye chini, asiyepanda kitu. Akajitukana kwa sauti. Dirisha la tatu. Kofia ikatulia pale dakika nyingi mno, naye hakujua anamwomba Mungu nini: aanguke, au asianguke. Aliomba vyote viwili kwa pumzi moja. Kisha kofia ikasogea, ikapanda, dirisha likabaki tupu.

Alitoka na ndara za ndani. Alivuka ua, na mama wawili waliokuwa wakianika nguo wakaacha kuanika. Akapanda. Ghorofa ya kwanza kifua kilimkaza. Ya pili alishika ukuta. Ya tatu aliketi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, akasikia mluzi ndani ya pumzi zake mwenyewe, mluzi aliokuwa akiusikia kwenye mto wa pili wa kitanda kwa miaka mitano. Akabana midomo kama anayepooza kahawa. Ikasaidia, na ilimuudhi kwamba imesaidia.

Juu, mlango ulikuwa umefungwa, na viatu vya Hasib vilikuwa nje ya mlango, kama viatu vyote vya watu wenye adabu, pua zikitazama ukutani. Ndani vijiko viligonga vikombe. Angeweza kugonga. Angeweza kupiga kelele jumba lote likatoka. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyatia chumvi miaka tisa. Lakini pumzi hakuwa nayo, na hakutaka Nizama amwone akihema. Akaviangalia vile viatu. Akainama, akavichukua, akashuka navyo.

Alipofika kwake aliviweka juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni, kwa nje, visimame kama paka wawili, ili yeyote atakayeangalia kutoka roshani ya juu avione vizuri.

Alikaa kitini. Hajui alikaa muda gani. Tidža aliingiza kichwa mlangoni: "Dada, ua mzima unaangalia viatu vya mumeo."

"Waangalie. Viatu havina kosa."

Kisha Hasib akatokea kwenye mlango wa jumba la kulia, na soksi zake. Alisimama. Wanawake wa kwenye kamba wakageuka, na mtu mmoja akacheka juu kwenye roshani fulani. Hasib aliangalia matope, akaangalia dirisha lake, akaviona viatu. Akaanza kutembea. Ni hatua sabini kutoka mlango ule hadi huu. Kwa miaka mitano hakuwahi kwenda hatua sabini bila kusimama. Leo hakusimama hata mara moja. Aliingia jikoni, soksi zikidondosha maji, akaketi ng'ambo ya meza.

"Hakukupa hata ndara?" Rasema akauliza.

"Alinipa za marehemu mumewe. Nikasema bora soksi."

"Ulifuata nini?"

"Siku ile alipoweka mfuko wangu ngazini, nilitaka kumjibu. Sikuwa na pumzi. Nimelibeba hilo jibu miaka mitano."

"Ukamjibu nini?"

Hasib alikuna kidevu. "Nilipofika juu halikuwapo tena. Alinipa kahawa. Amezeeka. Tukazungumzia bei ya umeme."

"Ana mtu?"

"Ana paka."

Rasema alihesabu tena. Kwa mwanamke aliyemtupa ngazini mtu huyu alikuwa amepanda ngazi sitini na nne. Kwa yule aliyemwokota hakuwahi kupanda hata kiti kufunga balbu. Alikuwa na swali moja, la tangu siku ya lile sanduku, na kila alipofungua mdomo kuliuliza Hasib alikohoa, yeye akakimbilia maji, na swali likazama kwenye glasi. Sasa akamwangalia. Alikuwa ametoka kushuka ghorofa nne na kuvuka ua, na pumzi yake ilikuwa inapanda na kushuka polepole, kwa mpango, kama ya mtu mzima.

"Kwa nini uliniacha, Hasib?"

Hakukohoa.

"Kwa sababu kule nilicheka," akasema. "Hapa ulikuwa umefanya kila kitu kabla sijainuka. Hata kabla ya ugonjwa, Rasema. Nilitoka mgodini nikakuta nyumba imekwisha, chakula kimekwisha, hata maneno umeyasema yote. Nizama alikuwa hajui kuweka msumari. Nikaweka msumari. Akacheka. Basi. Nilikuwa mpumbavu, na nilijua, na nilikwenda." Akaendelea. Alisema mengi, ya aibu yake na ya aibu yake Rasema, bila kusimama, mpaka kahawa jikoni ikaungua. Miaka tisa Rasema alikuwa amelitaka jibu hili, na alipokuwa akilisikiliza alitamani kwa moyo wake wote mtu huyu akohoe.

Alipomaliza, Rasema alisema, "Mlango ule pale. Pumzi unayo."

"Najua."

"Basi kwa nini umekaa?"

"Nimechoka kutembea na soksi," akasema Hasib, na Rasema hakucheka, ingawa alijua kwamba anachekeshwa.

Hakuondoka, si siku ile wala baadaye. Mazoezi ya zahanati yalikwisha na mita mia tatu na kumi kwenye kadi. Tangu hapo Hasib na Redžo hutembea kila asubuhi kandokando ya mto, kwa maana Edina aliwaonya kwamba miguu ikiachwa mwezi mmoja husahau yote. Rasema naye hutembea, hatua ishirini nyuma yao. Amepimwa kifua, na akiulizwa husema ni amri ya daktari. Redžo humtania: "Mama polisi, leo tumevunja sheria gani?" Naye humwambia atazame mbele yake asije akaanguka mtoni.

Hamwamini. Humfungulia dirisha, humwachia vifungo vyake, na hamwamini. Nizama anaposhuka na ndoo ya takataka wakati wanapopita, hatua zile ishirini huwa tano.